Krismasi inakaribia na uzi wangu bado unakatika: nisokote au ninunue?

*Swali: Mwalimu, hujambo? Mimi nafundisha chekechea huku Ol Kalou. Kufuma najua tangu shule ya msingi, lakini nimezoea masweta na shali za watoto kwa uzi wa dukani. Mwezi wa saba jirani alikata sufu ya kondoo wake wa Corriedale akanipa gunia zima, nami nikajitengenezea kijiti cha kusokotea. Uzi wangu unakatika ovyo, mahali pengine ni mnene na pengine mwembamba, na skafu niliyoanza inaenda upande kila nikiongeza mistari. Krismasi hii nataka kila mtu apate kitu nilichokifuma mimi: mume wangu, mama mkwe, dada zangu wawili, mtoto wa kaka yangu aliyezaliwa juzi, na shangazi anayeishi Mombasa. Sasa ni Septemba. Nisokote uzi wote mwenyewe au ninunue? Na je, ninunue gurudumu la kusokotea ili niharakishe?*

Sijambo, dada. Kati ya zawadi hizo sita, mbili zinaweza kutoka kwenye gunia lako. Nne uzi wake ununue. Wala usione haya kwa hizo nne, maana kazi ya kufuma bado ni yako, na anayevaa kitu kilichomkaa vizuri haulizi uzi ulisokotwa na nani.

Nasema mbili kwa sababu ya hesabu. Anayeanza kusokota kwa kijiti hupata mita 15 hadi 20 za uzi kwa saa, akiwa ametulia. Kofia ya mtu mzima hula kama mita 120 za uzi wa unene wa kati. Uzi huo uwe wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja (nitaeleza kwa nini), kwa hiyo unahitaji mita 240 za uzi mmoja mmoja, na kidogo cha kupotea. Hizo ni saa 12 hadi 16 za kusokota, kisha saa tatu au nne za kuziunganisha. Kuosha na kuchana sufu bado sijakuhesabia, na kofia yenyewe haijafumwa. Skafu moja ya upana wa sentimita 18 na urefu wa mita moja na nusu hula mita 300. Sweta ya mume wako itapita mita 1,000. Wewe unafundisha mchana kutwa na jioni una saa moja, labda mbili. Ukijitwika zawadi zote sita kwa kijiti, Desemba itakukuta na mafundo ya uzi nusu nusu na hakuna hata kitu kimoja kilichokamilika.

Sasa, zipi mbili? Hapa wengi hukosea kwa kuchagua mtu kwanza, halafu kitu, halafu ndipo wanaulizana uzi utoke wapi. Mimi nakushauri uangalie uzi kwanza. Uzi wa anayeanza ni mzito, una vinundu, una joto jingi, na ukifuliwa kwa maji ya moto hugandamana na kusinyaa. Uzi wa namna hiyo unafaa kichwa na viganja vya mtu mzima anayeamka alfajiri kwenye baridi ya Nyandarua. Haufai mtoto mchanga ambaye nguo zake zinaloa maziwa na kufuliwa kila siku, na shangazi wa Mombasa huo hautamfaa kabisa. Basi: kofia ya mume wako, na glavu zilizo wazi vidoleni za mama mkwe, za kuvaa anapokamua au anapomenya viazi asubuhi. Hizo mbili zitatoka kwenye gunia. Gramu 120 hadi 150 za uzi uliokamilika zitatosha zote mbili.

Una bahati ya Corriedale. Huyo ni kondoo aliyezalishwa New Zealand kwa kuchanganya Merino na Lincoln, na sufu yake ndiyo ningemchagulia mtu yeyote anayejifunza: si laini mno ikateleza, si ngumu ikachoma, na nywele zake ni ndefu za kutosha kushikana. Sufu ya Merino mtupu ingekusumbua kwa sasa kwa sababu ni laini na fupi zaidi. Nawaambia pia wasomaji wengine ambao nao watatamani kujaribu: kondoo mwekundu wa Kimaasai, Dorper na yule wa kichwa cheusi wa Kisomali si kondoo wa sufu. Wanatoa nyama nzuri, lakini manyoya yao ni mafupi na makavu, na usingepata uzi wa maana hata ungekuwa fundi. Ulizeni wafugaji wa Molo, Mau Narok, Kinangop au Timau, na muulize kabisa aina ya kondoo kabla ya kubeba gunia.

Gunia lako usilioshe lote. Mwaga sufu kwenye turubai uitazame. Ile ya mabega na mbavuni ndiyo bora, laini na safi. Ya mapajani ni ngumu, na ya tumboni na kuzunguka mkia imejaa samadi. Hiyo peleka shambani ikawe mbolea. Kutoka mabegani vuta kishungi kimoja chembamba, kishike ncha zote mbili, uvute kwa ghafla karibu na sikio lako. Kikitoa mlio mkavu na kubaki kizima, sufu ni nzima. Kikikatika katikati, kondoo huyo aliugua au alikosa malisho wakati fulani sufu ikiota, na uzi wake utakukatikia daima hata usokote vipi. Fanya hivi kabla ya kulaumu mikono yako. Halafu pima nusu kilo tu ya hiyo nzuri. Sufu mbichi hupoteza kati ya theluthi na nusu ya uzito wake ikioshwa, kwa mafuta, jasho na vumbi, na kwenye kuchana pia utapoteza kidogo, kwa hiyo nusu kilo itakupa kinachohitajika na akiba.

Kuosha sufu ni kazi ya subira. Adui ni vitu viwili vikikutana: kusuguasugua, na maji kubadilika ghafla kutoka moto hadi baridi. Kila unywele wa sufu una magamba madogo, na ukiuchokoza ndani ya maji magamba hayo hushikana na hayaachani tena. Lakini mafuta ya sufu nayo hayatoki kwa maji baridi. Kwa hiyo: weka gramu 200 ndani ya mfuko wa neti, hata ule wa vitunguu. Jaza beseni maji ya moto, kama nyuzi joto 60 za Selsiasi, ambayo mkono hauvumilii kukaa ndani. Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, koroga kabla sufu haijaingia, kisha zamisha mfuko taratibu uuache dakika 15. Usikamue, usigeuzegeuze. Utoe kabla maji hayajapoa, maana yakipoa mafuta yaliyotoka hurudi kuganda kwenye sufu, nawe utaikuta inanata. Rudia na maji mengine ya moto na sabuni, kisha suuza mara mbili kwa maji ya joto hilohilo. Wala usiufungulie bomba la maji baridi juu yake. Ikishachuja, itandaze juu ya wavu kivulini penye upepo.

Ikikauka ifungue kwa vidole, kishungi kwa kishungi, mpaka majani na vumbi vidondoke na sufu isimame nyepesi. Brashi maalumu za kuchania sufu ni ghali na hazipatikani kirahisi, lakini brashi mbili za kuchania mbwa, zile za bapa zenye meno ya waya, zinafanya kazi hiyo kwa kiasi hiki. Tandaza sufu kidogo kwenye brashi moja, kidogo kuliko unavyodhani, vuta ya pili juu yake mara kadhaa, kisha itoe uiviringe iwe kijibomba. Ninaamini nusu ya matatizo ya kusokota huanzia hapa. Sufu iliyochanwa vibaya ina mafundo, na kila fundo litapita vidoleni mwako likiwa kinundu.

Sasa kijiti chako. Kabla ya yote kipime kwenye mizani ya duka. Kwa uzi wa unene wa kati kijiti na kisahani chake, kile kiduara kinachokipa uzito, viwe na gramu 35 hadi 45. Kikiwa chepesi kinasimama na kuanza kurudi nyuma kabla hujamaliza kuvuta sufu, na msokoto wote unafunguka. Kikiwa kizito kinang'oa uzi. Kisahani kiwe na tundu katikati kabisa, vinginevyo kijiti kitayumba, na kuyumba kunakata uzi. Kifaa hiki si kigeni kwetu hata kidogo. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua visahani vya kusokotea huko Kilwa na Shanga, vingi vimechongwa kutoka vipande vya vyungu vilivyovunjika na kutobolewa katikati, na watu wa pwani walisokotea pamba kwavyo karne nyingi zilizopita. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta vitambaa vilivyofumwa pale vikipelekwa hadi Misri. Kwa hiyo kile cha mbao ulichojichongea kinatosha kabisa, ilimradi uzito na tundu viwe sawa.

Uzi wako unakatika kwa sababu moja kati ya mbili, na dawa zake zinapingana, kwa hiyo lazima ujue ni ipi. Ukikatika tena usiunge haraka. Tazama ncha. Zikiwa zimepukutika, laini, nywele zimenyooka na kuteleza zikaachana, msokoto ulikuwa mdogo: zungusha kijiti zaidi kabla ya kukiachia uzito. Zikiwa zimejikunja, ngumu, na uzi ulitoa mlio wa kukatika, msokoto ulizidi, na mara nyingi umekatikia pale palipo pembamba. Msokoto hupenda kukimbilia mahali pembamba. Mahali panene hubaki pamelegea. Ndiyo maana uzi wenye unene usiolingana hukatika hata kama kwa jumla umesokotwa kiasi cha kutosha. Ukiona panene, shika pande zote mbili za kile kinundu, kifungue kidogo kwa kukizungusha kinyume, kivute taratibu kirefuke, kisha kiachie msokoto uingie. Usivute kwa nguvu bila kufungua, hutapata kitu.

Kwa maelezo yako nahisi unajaribu kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kijiti kinazunguka hewani na wewe unavuta sufu. Kwa mwezi huu tenganisha. Kaa kwenye kiti. Zungusha kijiti kuelekea mwendo wa mshale wa saa mpaka uzi ulio juu yake ujae msokoto, huku vidole vya mkono wa juu vimebana pale sufu inapoanzia ili msokoto usipande. Kisha bana kijiti katikati ya magoti. Sasa kimesimama, hakikuharakishi. Vidole vya mkono wa chini vibane palepale palipobanwa na vya juu. Kwa mkono wa juu vuta sufu nyuma taratibu, sentimita tano au sita, mpaka iwe nyembamba unavyotaka na inayolingana. Mikono iachane kwa zaidi kidogo ya urefu wa unywele mmoja wa sufu. Ikikaribiana mno unavuta nywele ambazo umezishika ncha zote mbili na haitasogea, na hapo ndipo mtu hukasirika akavuta kwa nguvu. Ukishanyoosha, fungua vidole vya chini. Utaona msokoto ukipanda kwenye sufu na kuigeuza uzi mbele ya macho yako. Bana tena, vuta tena. Msokoto ukiisha, toa kijiti magotini ukizungushe upya. Ni polepole, lakini uzi wake unalingana, na baada ya wiki mbili tatu mikono itaanza kuvuta yenyewe hata kijiti kikiwa kinaning'inia.

Skafu yako inaenda upande kwa sababu umeifuma kwa uzi mmoja ambao bado una hamu ya kujizungusha. Kila kitanzi kinasukumwa upande uleule, na mistari ikiongezeka kitambaa chote kinalala. Si kosa la mikono yako kwenye sindano. Ifumue. Uzi huo ulowanishe, unyooke, uutumie upya kama nitakavyokueleza.

Dawa ni kusokota nyuzi mbili pamoja, kinyume na zilivyosokotwa mwanzo. Uliposokota ulizungusha kwa mwendo wa saa. Sasa uzungushe kinyume cha mshale wa saa. Ule msokoto wa mwanzo unafunguka kidogo, huu mpya unaingia, na viwili vinakutana vikatulia. Zaidi ya hapo, panene pa uzi mmoja hukutana na pembamba pa mwingine, na uzi wote unalingana kuliko ulivyotarajia. Hii peke yake ndiyo itakayokupa moyo kuliko maneno yangu yote. Viringa uzi madonge mawili yaliyo sawa kwa uzito, kila donge liweke kwenye bakuli lake sakafuni ili yasisokotane, shika ncha zote mbili pamoja, zipitishe katikati ya vidole vyako zikiwa zimekazwa sawasawa, zungusha. Ili ujue kama msokoto umetosha, shusha kitanzi cha uzi kama sentimita 40 kining'inie chenyewe. Kikikaa wazi kimya, umepatia. Kikijipinda kufuata upande uliokuwa ukizungusha sasa, ongeza. Kikijipinda upande wa mwanzo, umezidisha.

Kisha uzungushie uzi mgongo wa kiti uwe kicha, ufunge sehemu nne kwa nyuzi zilizolegea, uloweke dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu, uukandamize ndani ya taulo, uupigepige mara mbili tatu kwenye ukingo wa beseni, uutundike bila kuufungia uzito. Ukikauka utakuwa umejaa na kulainika. Uzi ambao haujapitia maji haujulikani tabia yake, kwa hiyo usianze kuufuma.

Ukitaka rangi, fanya hapa, na chagua moja tu. Maganda makavu ya vitunguu, uzito sawa na uzi, hutoa manjano iliyokolea hadi rangi ya kutu. Kwanza chemsha uzi polepole kwenye maji yenye shabu, gramu 12 hivi kwa kila gramu 100 za uzi, maji yasitokote, kwa saa moja, halafu uache upoe humo humo. Baadaye uhamishie kwenye maji ya maganda yaliyochujwa, nayo yawe yanachemka kwa upole vilevile.

Kabla ya kofia, pima unene wa uzi wako. Uzungushie rula bila kukaza, mizunguko ikiwa imelaliana ubavu kwa ubavu, uhesabu mizunguko ndani ya sentimita 2.5. Ukipata tisa au kumi, sindano namba 7 zitafaa; ukipata saba au nane nenda namba 6. Unajua namba zetu za zamani zinakwenda kinyume: namba 10 ni nyembamba ya milimita 3.25, namba 8 ni milimita 4, namba 6 ni milimita 5. Nalisema hili kwa sababu michoro mingi ya mtandaoni hutaja milimita, na nimeona watu wakinunua sindano namba 5 wakidhani ni za milimita 5. Fuma kipande cha majaribio cha vitanzi 24, kioshe, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi vilivyo katikati ya sentimita 10. Najua kipande hiki kinachosha na Krismasi inakimbiza. Kifume hata hivyo. Uzi wa mkono haufanani na karatasi ya mtu yeyote, na kipande hiki ndicho karatasi yako.

Tuseme umepata vitanzi 18. Kichwa cha mwanaume kina sentimita 56 hivi, lakini kofia lazima imbane kidogo, kwa hiyo lenga sentimita 50: vitanzi 90. Fuma viwili vya mbele, viwili vya nyuma, mstari wote, na mstari wa kurudi ufuate unavyoviona, mpaka mwisho wa kofia. Nimechagua mfumo huu wa kuvutika kwa makusudi. Unaficha vinundu, unakubali kichwa kikubwa na kidogo, na kitambaa hakilali upande hata kama msokoto wako haujatulia kabisa. Ukifika sentimita 20 (au 26 kama mume anapenda kukunja ukingo), unganisha vitanzi viwili viwili mstari mzima ubaki na 45, fuma mstari mmoja wa kawaida, unganisha tena ubaki na 23, mstari wa kawaida, unganisha mara ya mwisho ubaki na 12. Kata uzi mrefu, upitishe kwenye vitanzi vyote 12 mara mbili, kaza, kisha ushonee ubavu kwa uzi huohuo.

Glavu ni rahisi zaidi kwa sababu ni mistatili tu. Vitanzi 34, mfumo uleule, sentimita 18. Kunja ushone ubavu kuanzia upande wa kifundo kwa sentimita 10, acha wazi sentimita 4.5 za kidole gumba, umalizie zilizobaki. Ya pili ifume mara tu umalizapo ya kwanza, kwa uzi wa kicha hichohicho, maana ukiiacha wiki mkono wako utakuwa umebadilika na mama mkwe atapata glavu mbili zisizolingana.

Hao wengine sitawazungumzia sana kwa sababu kazi hiyo unaijua. Dada zako wafumie skafu kwa uzi wa akriliki ulio laini, gramu 200 kila mmoja, na kila mstari uwe wa vitanzi vya mbele tu; ukifuma mbele upande mmoja na nyuma upande wa pili, kama kwenye sweta, kingo zitajikunja mpaka skafu iwe kamba. Wala usiipige pasi skafu ya akriliki kuinyoosha, maana uzi huo huyeyuka kidogo kwa joto, ukalegea na kung'aa, na hakuna njia ya kuurudisha. Mtoto mfumie kizibao cha uzi wa watoto kwa sindano namba 10, lakini kwa ukubwa wa miezi sita hadi mwaka, mzunguko wa kifua sentimita 50. Desemba kitamlegea kidogo, na mwezi wa saba kwenye baridi kali kitamkaa sawasawa. Vifungo viwili begani, vilivyoshonwa mara mbili, na utepe wa shingoni usiweke hata kama unapendeza. Unaweza kumkaba.

Shangazi wa Mombasa anahitaji pamba. Mfumie mfuko wa wavu wa kwenda sokoni, kwa uzi wa pamba uliosokotwa imara na sindano nene au kroshia. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya Agosti 2017, mfuko mzuri hauachwi nyumbani, na huo atautumia Kongowea kila juma. Mpini uufume mpana na vitanzi vilivyobanana, kwani wavu hurefuka ukibeba nazi na viazi, na mpini mwembamba hukata bega. Pamba usijaribu kuisokota sasa. Nywele zake ni fupi, kama sentimita mbili na nusu au tatu, zinataka msokoto mwingi na kijiti chepesi kinachozungukia ndani ya kibakuli badala ya kuning'inia. Hiyo ni kazi ya mwaka kesho.

Kwa mpangilio wa wakati, anza kuosha sufu Jumamosi hii. Septemba na nusu ya Oktoba iwe ya kusokota jioni, na siku ambazo mikono imechoka na kijiti fuma skafu. Mfuko wa shangazi umalize kwanza kabisa ili uutume mapema. Uzi wa mkono uwe umeoshwa na kukauka ifikapo mwisho wa Oktoba. Ukiona Novemba imeingia na uzi wa kofia haujatosha, fuma glavu tu kwa uzi ulio nao, na kofia ununulie uzi. Mume wako atavaa iliyosokotwa mwaka unaofuata, na itakuwa bora zaidi. Kwenye kofia na glavu za sufu shonea kikaratasi au mwambie mwenyewe kwa mdomo: maji baridi, sabuni kidogo, asisugue, akaushe zikiwa zimelazwa. Nimeona kofia ya mtu mzima ikitoka kwenye beseni la maji ya moto ikimtosha mwanasesere.

Na gurudumu? Usilinunue mwaka huu. Ni kweli gurudumu hupita kijiti kwa mbali, lakini linazungusha kwa kasi bila kukusubiri, na mikono ambayo bado haijajua kuvuta sufu sawasawa itatengeneza vinundu vilevile, ila vingi zaidi kwa saa. Subiri mpaka ujaze kijiti mara mbili mfululizo uzi usikatike, na nyuzi zako mbili zikisokotwa pamoja zikupe mizunguko ileile kwenye rula mwanzo na mwisho wa kicha. Hapo, kabla ya kutoa pesa, fika Nanyuki kwa akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers, ambao wamekuwa wakisokota na kufuma sufu ya humu nchini kwa miaka mingi. Tazama miguu yao kwenye kanyagio, uombe kujaribu, ukae nusu saa kwenye kiti. Gurudumu ambalo urefu wake haukubaliani na goti lako litakuumiza mgongo, na hilo hulijui kwa kutazama picha.